Baba katika uzazi na unyonyeshaji: mwongozo kuanzia kliniki hadi mtoto anapotembea

Nina watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa nikiamini kwamba uzazi ni mambo ya wanawake na kazi ya baba ni kutoa hela. Siku ya pili alilia sana. Tukakubaliana pale sebuleni kwamba maziwa ya mama yake hayajashuka, akapewa maji ya sukari. Wiki ya tatu likaja kopo la maziwa. Kufika mwezi wa pili mke wangu alikuwa karibu hana maziwa kabisa, na mtoto aliharisha mpaka tukalazwa. Kila aliyekuwepo alimpenda yule mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kusema "tusubiri, kwanza tumuulize muuguzi", nikanyamaza.

Kwa mtoto wa pili nilijifunza mapema. Haya hapa ni yale niliyoyafanya, na nawaambia wanaume wote ninaosikia wake zao ni wajawazito.

Hatua ya 1: Nenda naye kliniki

Hudhurio la kwanza liwe kabla mimba haijafika wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie mara nane au zaidi, na huwezi kuomba ruhusa kazini mara zote nane. Lile la kwanza usilikose. Siku hiyo mnapimwa VVU na kaswende wote wawili, yeye anapimwa wingi wa damu na kundi la damu, anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na baadaye dawa za kumkinga na malaria.

Uliza kundi lake la damu, uliandike kwenye simu yako. Kama yeye ni hasi (kundi lenye alama ya kutoa) na wewe ni chanya (alama ya kujumlisha), mtoto anaweza kuwa chanya, na hapo mama atahitaji sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zijazo, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Si kila kituo kinayo, kwa hiyo itafutwe wiki kadhaa kabla. Muulize mkunga inapatikana wapi.

Soma kadi ya kliniki mkirudi nyumbani. Tarehe ya matarajio, presha, uzito, damu, yote yamo humo. Baba aliyeisoma kadi anaweza kujibu maswali ya daktari saa nane usiku wakati mama hawezi kuongea.

Hatua ya 2: Panga safari ya leba mimba ikifika miezi saba

Begi lifungwe na likae mlangoni: doti mbili tatu za kanga safi, pedi za uzazi, pamba, glavu, mpira wa kulalia, kibana kitovu, sabuni, beseni, nguo za mtoto, kofia na soksi, chupa ya chai. Kila kituo kina orodha yake, na namna nzuri ni kwenda kuiomba mapema badala ya kukimbizana na maduka ya dawa usiku.

Usafiri ndio unaoua. Weka namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wanaolala mtaani kwenu, uwaambie kabisa mwezi unaotarajiwa. Hapa Tanzania kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115, bila malipo, na mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura anatafutiwa usafiri hadi kituo kinachofaa. Iandike namba hiyo ukutani, kwa sababu siku hiyo huenda uko kazini na aliyepo nyumbani ni shemeji yako wa miaka kumi na tano. Tafuta pia watu wawili walio tayari kuchangia damu.

Zijue dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba ghafla uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, chupa kupasuka kabla ya muda, mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Kichwa na macho hasa. Watu wengi husema ni uchovu, kumbe ni presha inayoelekea kwenye kifafa cha mimba.

Hatua ya 3: Siku ya uchungu

Uchungu wa kweli huja na kuachia kwa mpangilio, na kadiri muda unavyokwenda unakaribiana na kuongezeka nguvu. Chukua daftari, andika saa unapoanza na saa unapoisha. Ute wenye damu kidogo ni kawaida. Chupa ikipasuka, angalia rangi ya maji: yakiwa ya kijani au kahawia, huenda mtoto amejisaidia tumboni, ondokeni hapo hapo.

Wodi nyingi hazimruhusu baba kuingia leba kwa sababu vitanda vimekaa karibu karibu na kina mama wengine wanahitaji staha yao. Uliza mapema. Ukiruhusiwa, kazi yako ni kumkanda mgongo chini kiunoni, kumpa maji na uji mwepesi kama mkunga amekubali, kutembea naye, na kuwa na sauti ya chini. Usiruhusiwe, kaa pale nje, simu iwe na chaji, na fedha ziwe mkononi mwako badala ya kwenye akaunti inayohitaji kutafuta wakala.

Yapo mambo mawili ya kumwomba mkunga kwa heshima kabla mambo hayajapamba moto: mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa kama ni mzima, na aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Mama akifanyiwa upasuaji bado anaweza kunyonyesha. Anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kumshika mtoto ili kidonda kisigandamizwe.

Na kama mama hawezi kwa muda ule, kifua chako kipo. Njia ya kangaroo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na watoto njiti wengi kuliko vifaa vya kuwapa joto. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi, akalazwa wima katikati ya kifua, kichwa kikiwa upande ili apumue vizuri, kisha akafungwa kwa kanga. Kwa baba joto linapatikana vilevile. Mimi nilikaa na binti yangu hivyo kwa karibu saa mbili, mama yake akishonwa. Moyo wake ulikuwa unadunda haraka kama wa kifaranga, halafu taratibu ukatulia.

Hatua ya 4: Siku tatu za mwanzo

Maziwa yanayotoka mwanzo ni machache, mazito, yana rangi ya njano. Wazee wanayaita dang'a, na mahali pengi yamekuwa yakikamuliwa na kumwagwa yakidhaniwa ni machafu. Yale ndiyo yenye kinga nyingi, na yanamsaidia mtoto kutoa kinyesi cheusi cha kwanza. Uchache wake usikutishe, maana tumbo la kichanga ni dogo mno.

Mtoto asiogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mafuta wala mate, na nepi ikunjwe chini yake. Kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki mbili.

Atapungua uzito kidogo siku za mwanzo. Kupungua hadi asilimia 10 hutokea, na kufikia wiki mbili anapaswa awe ameurudia uzito wa kuzaliwa. Akipungua zaidi ya hapo, arudishwe kituoni.

Hatua ya 5: Kulinda maziwa

Hapa ndipo baba ana kazi kubwa kuliko anavyofikiri. Hapa pia ndipo niliposhindwa mara ya kwanza.

Maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa. Titi likinyonywa mara nyingi na kumalizwa vizuri, mwili unatengeneza mengi. Mtoto akipewa maji au kopo, ananyonya kidogo, na mwili unapunguza. Kwa hiyo ile chupa moja "ya kumsaidia mama apumzike" ndiyo inayoanza kuyakausha. Kichanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Asipewe kitu kingine, hata maji, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, mpaka afike miezi sita, isipokuwa dawa alizoandikiwa.

Utajuaje kama anashiba? Usiangalie kilio, angalia nepi. Kuanzia siku ya tano hivi alowanishe sita au zaidi kwa siku, mkojo usiwe wa njano iliyokolea. Kinyesi kitoke kwenye weusi kwenda kijani, kisha njano. Uzito upande kliniki. Nilikuwa nachora mistari kwenye kalenda ya ukutani kila nepi iliyolowa, na ile kalenda ndiyo iliyonisaidia baadaye kwa mama mkwe.

Usiku wa tatu au wa nne maziwa huja kwa nguvu. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Matiti ya mke wangu yalikuwa magumu kama embe bichi, yanang'aa, chuchu imelala, mtoto anashika na kuteleza, wote wawili wanalia. Nilichemsha maji, nikayapooza mpaka mkono wangu ukayavumilia vizuri, nikalowanisha kitambaa na kumwekea dakika chache. Kisha yeye akabonyeza taratibu kuzunguka chuchu, akakamua kidogo kwenye kikombe mpaka sehemu nyeusi ikalainika. Hapo ndipo mtoto akaweza kushika. Utaisikia tofauti: mwanzo ni mnyonyo wa haraka haraka, halafu unakuwa mrefu, na unasikia anameza. Baada ya kunyonyesha tukaweka kitambaa cha maji ya baridi kupunguza uvimbe.

Kushika vizuri kuna alama nne unazoweza kuziona wewe uliyesimama pembeni kuliko yeye anayetazama kutoka juu. Mdomo umefunguka sana. Mdomo wa chini umepinduka kwa nje. Kidevu kimegusa titi. Sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Chuchu zikichanika, mara nyingi sababu ni mtoto kushika kwenye ncha tu. Mama aingize kidole kisafi pembeni ya mdomo kumwachisha, waanze upya, na tone la maziwa yake lipakwe kwenye chuchu. Titi likiwa jekundu upande mmoja, lina joto, na mama ana homa, aende kituoni, na aendelee kunyonyesha.

Sasa, wazee. Mama mkwe wangu alikuja siku ya sita na upendo wote na unga wa uji mwepesi. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikampa mtoto ampakate. Aliposema mtoto ana njaa, nikamwambia: "Mama, shikamoo tena. Naomba unisaidie jambo. Wa kwanza tulimwanzishia mapema akaugua, na mimi ndiye niliyekosea. Huyu muuguzi ametuambia tumpe ziwa tu. Naomba huo uji umpe binti yako, yeye ndiye anayetengeneza maziwa." Nikamwonyesha kalenda. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya baba, ila auweke pilipili manga." Mke wangu aliunywa bakuli zima.

Nimejifunza kwamba neno hilo lazima aliseme baba. Mama akikataa peke yake, anaonekana mjuaji na mkaidi mbele ya mama yake na mawifi. Wewe ukisema, tena kwa adabu, inakuwa ni uamuzi wa nyumba.

Mama akirudi kazini, maziwa yakamuliwe kwa mikono safi kwenye chombo chenye kifuniko. Kwa joto letu yatumike ndani ya saa nne yakiwa nje. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Mpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa ni ngumu kusafisha na inamchanganya mtoto. Hii kazi ya kikombe ni ya baba kabisa.

Hatua ya 6: Arobaini

Mama alale kila mtoto anapolala. Maana yake ni kwamba vyombo, nepi, maji na mtoto wenu mkubwa viko mikononi mwako au mwa mtu uliyemtafuta. Wageni waje, lakini si wote Jumapili moja, na mwenye mafua umwombe asubiri.

Chakula kiwe cha kutosha: mtori kwa mliotoka Kilimanjaro, supu ya kuku au samaki, maharage, mboga za majani, matunda, maji mengi. Kukandwa ni desturi inayompumzisha mama, ila maji yasiwe ya kuunguza. Wapo walioungua. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumbo.

Mkimbize mama hospitali akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kikali, degedege, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mtoto mkimbizeni akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akiwa wa moto au wa baridi, kitovu kikitoa usaha, akiwa wa njano siku ya kwanza au njano ikifika viganjani na kwenye nyayo. Kumwanika juani si tiba ya manjano hayo. Pumzi zihesabu dakika nzima akiwa ametulia, ukitazama tumbo: zikifika 60 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani, ondoka.

Mama kulialia siku chache za mwanzo ni kawaida. Zikipita wiki mbili bado ana huzuni, halali hata mtoto akilala, hamtazami mtoto, au anasema ni bora asingekuwepo, hiyo ni sonona ya uzazi. Ni ugonjwa, una tiba. Usiite uvivu wala mapepo. Nenda naye kituoni, na usimwache peke yake.

Hatua ya 7: Kuhusu kubemenda

Hili tunaliongea vijiweni kwa sauti ya chini, basi niliseme wazi. Tumeambiwa wazazi wakikutana kimwili mama akiwa ananyonyesha, au baba akitoka nje, mtoto atabemendwa: atadhoofu, miguu italegea, atachelewa kutembea. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa. Mtoto anayedhoofu ana sababu ya kutafutwa: lishe ndogo, kuharisha, kifua kikuu, VVU, moyo, au uti wa mgongo na ubongo kupata hitilafu. Nimeona watoto wanacheleweshwa hospitali miezi kadhaa kwa sababu ya aibu, maana kumpeleka ni kama kukiri kwamba mmembemenda.

Lakini kuna ukweli mmoja mzito ndani ya onyo la wazee. Baba akiambukizwa VVU nje na kumwambukiza mama anayenyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini mwake wiki za mwanzo, na hatari ya kumfikia mtoto kupitia maziwa ni kubwa. Na mama akibeba mimba nyingine upesi, wote watatu wanaelemewa.

Subirini mpaka mama apone na awe tayari, wengi hungoja wiki sita. Zungumzeni uzazi wa mpango kwenye hudhurio la baada ya kujifungua. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa kiwango kikubwa iwapo masharti matatu yametimia pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, tafuteni njia nyingine.

Hatua ya 8: Makaratasi

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno. Mimi niliunganisha na za mwaka. Kenya, sheria ya 2007 inatoa wiki mbili. Mama wa Tanzania anapata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawaijui haki hii, mkumbushe.

Chanjo huanza akizaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, halafu surua na rubela miezi 9 na 18. Cheti cha kuzaliwa fuatilia mapema.

Hatua ya 9: Miezi sita, chakula

Anza na uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa, vijiko viwili vitatu, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Ongeza yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, mboga, mafuta kidogo. Unga wa lishe wa nafaka kumi una mzigo kwa tumbo lake. Nafaka moja na jamii kunde moja vinatosha. Chagua karanga na mahindi kwa mkono, punje zenye ukungu tupa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi.

Hatua ya 10: Cheza naye, na umtazame

Kichanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, sawasawa na kutoka mkononi mwako hadi usoni kwako. Ongea naye. Mweleze unavyomvalisha, mtaje mkono, mguu, sikio. Wiki ya sita hadi ya nane atakutabasamia, na ukijibu atajifunza kwamba sauti yake inaleta mtu. Akiwa macho mlaze kifudifudi dakika chache, ukiwa karibu. Kopo lenye kokoto lililofungwa vizuri, kijiko cha mbao, uso wako ukijificha nyuma ya kanga, vinamtosha kwa mwaka mzima. Kilio kikikuzidi usiku, mlaze mahali salama, toka nje uvute pumzi. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaumia.

Watoto hawafanani. Wengi hushikilia shingo wakikaribia miezi minne, hukaa wenyewe kati ya miezi minne na tisa, na hutembea kati ya miezi minane na kumi na minane. Mpeleke kliniki ikiwa hashtuki kwa sauti, hatabasamu kufikia miezi mitatu, shingo bado imelegea miezi sita, hajakaa miezi tisa, ameacha kitu alichokuwa akikiweza, au amefika miezi 18 bila kutembea. Utaambiwa, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa." Labda ni kweli. Apimwe kwanza.